Risasi Kama Kiungo cha Mashine: Historia ya Ujazaji wa Risasi kwa Mkono katika Enzi ya Bunduki ya Nusu-otomatiki na Funzo Lake kwa Udhibiti wa Silaha

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya ujazaji wa risasi kwa mkono nchini Marekani, hasa baada ya jeshi la nchi hiyo kupokea bunduki ya nusu-otomatiki ya M1 Garand mwaka 1936. Hoja kuu ni kwamba bunduki ya aina hiyo iliigeuza risasi kuwa kiungo cha mashine, na hivyo ikazidisha utegemezi wa mjazaji kwa kiwanda. Ganda hutumika tena, na kichwa cha risasi huweza kusubiwa nyumbani. Baruti na fataki hazipatikani kwa urahisi huo. Makala yanaonyesha kwamba ukweli huu wa kiufundi una uzito katika namna mikataba ya kimataifa na sheria za ukanda wetu zinavyofasili neno "risasi", na katika utunzaji wa kumbukumbu za maghala.

1. Utangulizi

Kiswahili kilihifadhi historia ya silaha katika msamiati wake. Bunduki ya gumegume ilipewa jina la jiwe litoalo cheche. Bunduki ya fataki ilipewa jina la kofia ndogo ya shaba yenye kilipuzi kinachowaka kinapogongwa na nyundo. Majina yote mawili yanataja namna baruti inavyowashwa, na kwa hiyo yanatenganisha waziwazi bunduki, baruti na kiwashio. Ilipofika risasi ya kisasa, ambayo vitu vyote hivyo vimefungwa ndani ya ganda moja la madini, lugha ilipoteza utengano huo. Leo neno "risasi" linabeba maana ya madini yenyewe, kichwa kinachoruka, na kitu kizima kinachoingizwa kwenye bunduki.

Msomaji wa sheria ana haki ya kuuliza: mtu akikutwa na maganda matupu, amekutwa na risasi? Akikutwa na kopo la fataki bila ganda hata moja, je? Swali hili haliwezi kujibiwa kwa kamusi pekee. Linahitaji kujua risasi hutengenezwaje, sehemu zake zipi zinaweza kufanywa kwa mkono, na zipi haziwezi. Historia inayojibu swali hilo kwa ukamilifu zaidi ni ile ya wajazaji wa Marekani, ambao kwa karne moja na nusu wamekuwa wakijaza upya risasi zao wenyewe kwa ajili ya uwindaji na mashindano ya shabaha.

Katika makala haya, "risasi kamili" ni kitu kizima. "Kichwa" ni kile kinachotoka mtutuni. "Ganda" ni chombo kinachoshikilia sehemu nyingine. "Baruti" ni unga unaosukuma kichwa. Na "fataki" ni kiwashio kilichopachikwa kwenye kitako cha ganda.

2. Ganda linalorudi na ganda lisilorudi

Ganda la madini lenye fataki katikati ya kitako lilienea kuanzia miaka ya 1860. Wavumbuzi wawili walitoa suluhisho tofauti karibu kwa wakati mmoja. Hiram Berdan wa Marekani aliweka fuawe, yaani kinundu ambacho kilipuzi hugandamizwa juu yake, ndani ya ganda lenyewe, na matundu ya kupitishia moto pembeni mwake. Edward Boxer wa Uingereza aliiweka fuawe ndani ya fataki, na kuacha tundu moja tu katikati ya ganda. Kwa kinyume cha matarajio, mfumo wa Boxer ndio uliotawala Marekani, na ule wa Berdan ukatawala majeshi mengi ya Ulaya.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini matokeo yake ni makubwa. Fataki ya Boxer iliyokwisha kutumika husukumwa nje kwa sindano inayopita katika tundu la katikati. Ile ya Berdan haina njia hiyo. Kuitoa ni kazi ya usumbufu. Kwa hiyo Marekani ikapata ganda linalorudi kazini. Wawindaji wa nyati katika nyika za magharibi mwa nchi hiyo miaka ya 1870 walijaza maganda yao kambini. Jeshi nalo lilipeleka vifaa vya kujazia katika vituo vyake ili askari wapate risasi za mazoezi kwa gharama nafuu. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko New Haven, Connecticut, iliyouza koleo na kalibu za kujazia kwa raia wa kawaida.

Katika hatua hii mjazaji alikuwa karibu na fundi wa gobore wa huku kwetu. Baruti nyeusi iliweza kupimwa kwa kikombe, na kosa dogo halikuleta maafa. Kichwa kilisubiwa jikoni kwa madini ya risasi. Kitu kimoja tu hakikuwezekana nyumbani: fataki. Kilipuzi chake ni kikali na chenye kutenda kwa mguso mdogo, na kulinganisha maelfu ya vikombe vidogo vyenye kiasi kilekile cha kilipuzi ni kazi ya mtambo.

3. Ulinganifu kabla ya nguvu

Kuingia kwa baruti isiyo na moshi mwishoni mwa karne ya 19 kulibadili kazi hiyo. Baruti hiyo hutengenezwa kwa selulosi iliyotiwa asidi ya naitriki, na mwendo wake wa kuungua hupangwa kiwandani kwa umbo na ukubwa wa punje. Mtu hawezi kuikisia kwa macho. Wakati huohuo swali la shabaha likawa la kisayansi: kwa nini risasi kumi zinazopigwa na bunduki ileile, kutoka mahali palepale, haziingii tundu moja?

Daktari Franklin Mann wa Massachusetts alilishughulikia swali hilo kwa miongo kadhaa, akachapisha matokeo yake mwaka 1909 katika kitabu kuhusu safari ya kichwa cha risasi kutoka baruti hadi shabaha. Alifunga mitutu mizito kwenye misingi isiyotikisika ili kuondoa kosa la binadamu. Alichokikuta ni kwamba sehemu kubwa ya mtawanyiko hutokana na vichwa visivyo na mizani: kichwa ambacho upande mmoja ni mzito kidogo, au ambacho kitako chake kimeharibika, hupotoka mara tu kinapoacha mtutu. Tokea hapo usahihi ukaeleweka kuwa ni tunda la ulinganifu. Risasi nzuri ni ile inayofanana na wenzake.

Somo la pili lilikuja kwa njia ya hatari. Mwaka 1921 karakana ya serikali ya Frankford Arsenal ilitengeneza risasi za mashindano ya kitaifa ambazo vichwa vyake vilipakwa bati, ili kuzuia mabaki ya madini kunata mtutuni. Risasi hizo zililenga vizuri. Hata hivyo, bati lilijiunga na shingo ya ganda mithili ya kulehemu, na kichwa kikawa hakiachii kwa urahisi. Wapigaji waliozoea kupaka grisi risasi zao, jambo lililokatazwa kwa risasi hizo, waliongeza shinikizo zaidi, na baadhi ya bunduki ziliharibika. Afisa Julian Hatcher, aliyeandika baadaye historia ya kiufundi ya silaha za Marekani, aliyachambua matukio hayo kwa kina. Yanaonyesha kwamba badiliko moja jema, likiwekwa katika mfumo uliofungamana, laweza kuzaa shinikizo ambalo hakuna aliyelitarajia.

4. Bunduki inayoendeshwa na risasi yake

Katika bunduki ya bolti, mkono wa mpigaji ndio unaotoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Baruti ina kazi moja tu, kusukuma kichwa. Bunduki ya nusu-otomatiki iliipa baruti kazi ya pili. John Garand, mzaliwa wa Quebec aliyefanya kazi katika karakana ya Springfield kuanzia 1919, alibuni bunduki ambayo sehemu ya gesi inayomfuata kichwa mtutuni huelekezwa kusukuma fito inayofungua bolti, kutupa ganda, na kuacha springi ilete risasi nyingine. Jeshi la Marekani liliipokea Januari 1936.

Historia ya bunduki hiyo tangu mwanzo iliamuliwa na risasi. Garand aliibuni kwa risasi ndogo zaidi, ya inchi .276. Mwaka 1932 Mkuu wa Majeshi, Jenerali Douglas MacArthur, aliagiza ibaki ile ya inchi .30, kwa kuwa nchi ilikuwa na akiba kubwa ya risasi hizo na hazina haikuwa na fedha za kuanza upya. Ghala likaamua umbo la bunduki.

Risasi ya .30 yenyewe ilikuwa na historia yenye mivutano. Toleo la 1906 lilikuwa na kichwa cha greni 150, yaani takribani gramu 9.7. Vita vya Kwanza vya Dunia vilionyesha kwamba halikufika mbali kama ilivyodhaniwa. Mwisho wake ulikuwa takribani kilomita 3. Katikati ya miaka ya 1920 likaja toleo la M1 lenye kichwa cha greni 172 kilichochongoka nyuma, lililoweza kufika karibu kilomita 5. Lilipigwa kwa usahihi mkubwa, lakini viwanja vya mazoezi vya vikosi vya majimbo havikuwa na eneo la usalama la urefu huo. Mwishoni mwa miaka ya 1930 jeshi likarudi kwenye kichwa chepesi, katika toleo la M2. Hivyo askari wa Garand walikwenda vitani na risasi iliyochaguliwa kwa sehemu kwa sababu ya ukubwa wa viwanja vya mazoezi.

Baruti iliyotumika sana katika M2 ni ile ya DuPont iliyojulikana kama IMR 4895. Mwendo wake wa kuungua ulikubaliana na Garand. Baruti inayoungua polepole zaidi huacha shinikizo kubwa wakati kichwa kinapopita kwenye tundu la gesi, karibu na mdomo wa mtutu. Fito husukumwa kwa kishindo na huweza kupinda. Baruti isiyotoa gesi ya kutosha huiacha bolti njiani. Kati ya mipaka hiyo miwili pana nafasi nyembamba, na ndani yake ndimo usahihi ulipopaswa kutafutwa.

5. Akiba ya vita na mikono ya raia

Vita vilipomalizika mwaka 1945, serikali ya Marekani ilikuwa na shehena za baruti isiyohitajika tena. Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua sehemu ya 4895 hiyo ya ziada na kuiuza kwa wajazaji. Kwa njia hiyo raia wakapata baruti ileile iliyolinganishwa kwa bunduki ya jeshi, kwa bei ndogo, na katika miaka iliyofuata Garand zenyewe ziliingia katika mashindano ya kiraia, pamoja na yale ya kitaifa ya Camp Perry, Ohio, yanayofanyika huko tangu 1907.

Waliokuwa wamezoea kujaza kwa ajili ya bunduki za bolti waligundua kwamba maarifa yao hayakutosha. Kwa bunduki ya bolti, mjazaji aliweza kurekebisha shingo ya ganda tu na kuliacha tumbo lake katika umbo lililochukua ndani ya chemba ileile. Mkono wake ulilisukuma liingie. Springi ya Garand haina huruma ya mkono. Ganda lilipaswa kurudishwa katika vipimo kamili kila mara, la sivyo bolti isingefunga sawasawa. Pini ya kufyatulia ya Garand nayo inaelea huru, na hugusa fataki kidogo bolti inapofunga. Fataki laini kupita kiasi, au iliyochomoza, ingeweza kuwaka kabla mpigaji hajagusa kifyatulio. Maganda yalichakaa haraka kwa sababu ya kuvutwa na kutupwa kwa nguvu.

Jibu la wajazaji lilikuwa daftari. Waliandika namba ya fungu la baruti, aina ya fataki, uzito wa kichwa, idadi ya mara ganda lilivyotumika, na matokeo ya shabaha. Walipobadili kitu, walibadili kimoja tu. Fungu jipya la baruti, hata likiwa na jina lilelile, lilijaribiwa upya kuanzia kiasi cha chini. Kwa kweli mjazaji huyo, aliyesifiwa kama mtu huru asiyehitaji kiwanda, alikuwa mtunza kumbukumbu wa bidhaa za kiwanda.

Gharama ya kupuuza somo hilo ililipwa na askari. Bunduki ya M16 ilijaribiwa kwa baruti ya punje ndefu za IMR, kisha mwaka 1964 jeshi likaruhusu risasi zake zijazwe baruti ya vidonge vya mviringo. Badiliko hilo liliongeza kasi ya mwendo wa bolti na kuacha masizi zaidi, huku chemba ikiwa haijapakwa kromu na askari wakiwa hawajapewa vifaa vya kutosha vya kusafishia. Katika miaka ya 1966 na 1967 bunduki zilikwama katikati ya mapigano nchini Vietnam. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilitoa taarifa kali mwaka 1967, ikiutaja uamuzi kuhusu baruti kuwa miongoni mwa vyanzo vikuu vya hitilafu hizo. Vijana walipoteza maisha kwa sababu watu wa bunduki na watu wa risasi walifanya maamuzi mbalimbali juu ya mashine moja.

6. Ukanda wetu na fasili ya neno

Historia hii ya mbali inagusa sheria zinazotuhusu moja kwa moja. Udhibiti wa kwanza wa kimataifa wa silaha katika Afrika ulikuwa Mkataba wa Brussels wa tarehe 2 Julai 1890, ambao Sultani wa Zanzibar alikuwa miongoni mwa waliotia saini. Mkataba huo ulihusu eneo lililo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini. Ulizuia hasa bunduki zenye mifuo na risasi zake, ukaagiza silaha zihifadhiwe katika maghala ya umma, na ukaacha nafasi, chini ya masharti, kwa gumegume na baruti ya kawaida ya biashara. Waandishi wake, waliokuwa wakitetea pia maslahi ya kikoloni, walielewa ukweli wa kiufundi: mwenye gobore angeweza kujitegemea, ilhali mwenye bunduki ya ganda alitegemea meli ya kesho. Nchini Ethiopia thamani ya utegemezi huo ilionekana sokoni, ambako risasi kamili zilitumika kama fedha ndogo.

Mikataba ya sasa imepiga hatua, lakini imeacha mwanya. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu Silaha za Moto ya mwaka 2001 inafasili risasi kuwa ni kitu kizima au sehemu zake, yaani ganda, fataki, baruti na kichwa. Ila inaongeza sharti kwamba sehemu hizo ziwe zenyewe zinahitaji kibali katika nchi husika. Maana yake ni kwamba sheria ya kila nchi ndiyo inayoamua kama kopo la fataki ni risasi au ni bidhaa ya dukani. Sheria ya Marekani ya mwaka 1968 ilizitaja sehemu zote nne katika fasili yake. Itifaki ya Nairobi ya 2004 na Mkataba wa Kinshasa wa 2010 zinazifunga nchi za ukanda wetu katika udhibiti wa silaha ndogo na risasi. Jina rasmi la Mkataba wa Kinshasa linataja hata vipuri na sehemu zinazoweza kutumika kutengenezea, kukarabatia na kuunganishia silaha hizo.

Kwa mshauri wa sera, mambo matatu yanafuata kutokana na historia iliyoelezwa.

Kwanza, sehemu nne za risasi hazina uzito sawa. Risasi nyingi za 7.62 kwa 39 zinazotumiwa na bunduki za jamii ya Kalashnikov zina maganda ya chuma yenye mfumo wa Berdan, ambayo hayarudi kazini kwa urahisi. Kuwasaka watu wenye maganda ya aina hiyo ni kupoteza nguvu. Fataki na baruti isiyo na moshi ndizo shingo ya chupa. Kiasi chake kinachoingia nchini kwa matumizi ya wawindaji, klabu za shabaha na viwanda kinaweza kuhesabiwa, na palipo na leseni chache hesabu hiyo si kazi kubwa.

Pili, namba ya fungu ndiyo kumbukumbu yenye manufaa kuliko zote. Mjazaji wa Garand aliiandika ili kulinda macho na mkono wake. Dola inaihitaji kwa sababu kubwa zaidi. Baruti isiyo na moshi huzeeka, na kiambato kinachoituliza hupungua kwa miaka. Milipuko ya maghala ya Mbagala mwaka 2009 na Gongo la Mboto mwaka 2011 jijini Dar es Salaam, na ule wa Mpila mjini Brazzaville mwaka 2012, iliua raia majumbani mwao. Vyanzo vya milipuko hiyo vilikuwa na mazingira yake, lakini yote mitatu inatufundisha kwamba akiba ya risasi ni kitu chenye uhai, na ghala lisilojua umri wa mafungu yake halijui lina nini. Mfumo wa kimataifa wa kusimamia risasi katika maisha yake yote, uliopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2023, unaipa hoja hii msingi wa kidiplomasia. Viwanda vya ukanda wetu, kama vile vya Eldoret, Nakasongola na Mzinga, viko mahali pazuri pa kuanzia.

Tatu, wanaonunua bunduki na wanaonunua risasi wanapaswa kukaa meza moja. Uamuzi wa 1932 na ule wa 1964 unaonyesha pande mbili za jambo hilo: katika wa kwanza bunduki ilirekebishwa ifuate akiba, na ikafaulu, katika wa pili risasi ilibadilishwa bila bunduki kuulizwa, na askari wakafa. Jeshi linalopokea risasi za misaada kutoka nchi tofauti kwa bunduki zilezile liko katika hatari ya kurudia kosa la pili.

7. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba usahihi wa risasi iliyojazwa kwa mkono haukuwa muujiza wa mkono. Ulitokana na ulinganifu wa viambato vya kiwandani na uaminifu wa daftari, na bunduki ya nusu-otomatiki ilibana zaidi nafasi ya kukosea. Kutokana na hayo, pendekezo la makala ni la kilugha na la kisheria kwa pamoja: sheria zetu zinapoandikwa au kutafsiriwa kwa Kiswahili, neno "risasi" lisiachwe peke yake. Zitajwe risasi kamili, kichwa, ganda, baruti na fataki, kila kimoja kwa jina lake na kwa kiwango cha udhibiti kinachostahili. Msamiati upo. Wazee waliotofautisha gumegume na fataki walitambua mapema kwamba swali la msingi ni nani anayeshika kiwashio.